Kitabu Kisichochafuliwa

Mwaka ule wa uhaba wa karatasi, mimi na mchora mabango mmoja wa Shinyanga mjini tulitengeneza kitabu cha sanaa cha darasa la pili. Yeye aliishi kwa kupaka majina kwenye maduka ya Wahindi. Mimi nilikuwa na hadithi mbili zilizotoka gazetini, na moto mwingi kifuani. Tulirudufisha nakala kumi. Kila ukurasa tuliuachia nafasi tupu: mchoree ng'ombe mkia, jaza mawingu, ipe nyumba mlango.

Tukamwomba ofisa wa elimu karatasi za kukichapa. Alitwambia waziwazi, "Nileteeni nakala zilizochorwa na watoto. La sivyo, karatasi sitoi."

Tukadandia lori lililokuwa likifuata pamba upande wa Geita, tukashuka kwenye shule moja ya huko.

Darasa lilisimama. "Shikamoo mwalimu!" Nikagawa vitabu na penseli. Watoto wakajifuta mikono kwenye sare, wakafunua kurasa kwa ncha za vidole, wakanong'ona Kisukuma, wakaguna kwa raha. Penseli zikalala palepale.

"Choreni," nikasema. "Ni chenu."

Msichana wa dawati la mbele akainuka. "Mwalimu, kitabu hakichafuliwi."

"Hiki kinachafuliwa."

"Na bakora je?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu wao, mama aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. "Miaka miwili nawafundisha kutunza vitabu vya serikali, ndugu yangu. Unataka unibomolee kwa asubuhi moja?"

"Karatasi hiyo inatuponyoka," mchora mabango akaninong'oneza.

Kengele ya mapumziko ikalia. Nikatoka nje nikiwa nimenywea. Yule msichana alikuwa ameketi kizingitini, kitabu wazi pembeni yake, mbali na vumbi. Mkononi alishika bua la nyasi. Alitazama ukurasa, akakwaruza mguu wake: juu ya ngozi kavu ukatokea mkia mweupe, kisha ng'ombe mzima, mwepesi kama moshi.

"Mbona unachora mguuni?"

"Mguu ni wangu. Nikikosea natema mate, nafuta."

Nyuma yake wenzake walikuwa wamelowesha udongo mweusi, wanafinyanga pembe, wakigombana za nani ndefu. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia tena.

Tukirudi, juu ya marobota ya pamba, tuliandika masahihisho kwenye daftari: nafasi zote tupu ziondolewe. Badala yake nikaandika: Tafuta bua. Finyanga pembe. Tazama mawingu, uyachore mchangani.

Ofisa alipekua nakala kumi, safi kama zilivyoondoka. "Hawakuchora."

"Wamechora, mzee. Miguuni."

Akanitazama kama anayemtazama mlevi wa asubuhi. Nikamsogezea masahihisho. Akayasoma polepole, akarudia ukurasa mmoja.

"Kwa hiyo mwakani darasa jingine litatumia hikihiki?"

"Hikihiki. Hata miaka mitano."

Akavuta fomu, akatuandikia nusu ya karatasi tuliyoomba. Mchora mabango akafungua mdomo kubishana. Nikamvuta shati, tukatoka upesi.