Jogoo wa Mama Mkwe na Nywele Zangu

Jogoo wa mama mkwe alinidonoa kichwani siku ya kujaribu gauni la harusi. Na kusema kweli, simlaumu.

Wacha niwaeleze.

Mama yake Omolo, mchumba wangu, ni fundi wa cherehani hapa Kaptembwo, na gauni langu alikuwa anashona yeye mwenyewe. Alinipima miezi minne kabla ya harusi. Nami kwa akili zangu nyingi nikaapa sitanona hata kidogo.

Asubuhi strungi, chai isiyo na maziwa. Mchana strungi. Jioni, nikijipendelea, nusu tofaa.

Mwezi wa tatu nywele zikaanza kutoka. Kitana kikipita, kinaondoka na zake. Nililia, sitaficha. Nani anataka kuwa bibi arusi mwenye kipara?

Nikaingia kwa simu. Vyakula vya kuzuia nywele kukatika: mayai, avokado, ndengu, mboga ya terere, dagaa wa omena.

Kula? Mimi? Na gauni je?

Nikapaka.

Yai asubuhi, avokado jioni. Siku ya kujaribu gauni nikaongeza nguvu, nikapaka omena ya kusagwa na kufunga kitambaa juu. Nilinukia vizuri sana, asanteni.

Hata sijakaa vizuri kwa mama mkwe, jogoo akaruka juu ya kochi, akavuta kitambaa, akaanza kula. Nywele kadhaa zikaenda naye.

Mama akamfukuza, kisha akanusa. "Waithera, hii si omena?"

"Ni dawa ya nywele, mama."

"Ya kupaka?"

"Nikikula nitanona, gauni ikatae kufunga."

Akanitazama weee. "Na mdomo ilikosea nini?"

Akageuza gauni ndani nje. Kila upande alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, inchi mbili nzima.

"Nimeshonea mabibi arusi miaka ishirini. Siku nilikupima, niliacha nafasi ya ugali. Nani alikuambia Omolo anaoa mfupa?"

Miezi mitatu ya njaa, bure kabisa!

Nikalia tena, safari hii nikiwa na sahani mapajani: ugali, terere na omena ya kukaangwa. Jogoo alinikodolea macho mlangoni kama nimemuibia.

Kwenye picha za harusi nimevaa kilemba, na watu walisifu sana mtindo. Nywele zilirudi polepole, baada ya miezi mingi ya kula kama binadamu.

Kwa hivyo wadada, ile orodha haikunidanganya. Soma tu vizuri pale juu, palipoandikwa vyakula.