Mkono wa Chuma na Majani Yaliyolowa

Nilisoma uhandisi shule ya jioni mpaka madawati yakanizoea, nikahitimu nikiwa na mvi za kujaza godoro. Lakini kitu kitamu kama chuma kikibadilika rangi kwenye skrini, bado sijaona.

Kiwandani kwetu, upande wa Roret, magunia ya majani mabichi ya chai hupanda yakining'inia kwenye reli ya juu, kila gunia na mkono wake wa chuma. Chini ya reli wanawake hutandaza majani yanyauke. Mmoja wao ni mke wangu. Juzijuzi mkono mmoja ulipasuka kwenye kona yake, tukaushusha kabla haujamwangukia mtu. Injinia, kijana mpole, akanipa kazi ya kubuni mwingine.

Zamani hesabu hiyo ungeiachia kompyuta isage mpaka kuku atotoe. Siku hizi kuna programu iliyofunzwa kwa hesabu za vyuma vingi vya awali. Inakigawa chuma vipande vidogo kama punje za unga na kukujibu kabla chai haijapoa. Niliandika uzito wa gunia, nikabonyeza. Mkono ukapinda polepole kama mtu anayejinyoosha usingizini, buluu ya alfajiri ikiyeyukia kwenye kijani cha mashamba. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani, nami nikaona kama vilima vyote vya Kericho vimelala ndani ya chuma kile.

Saa ya chai mke wangu akachungulia.

"Baba Watoto, mbona umepinda hivyo? Unataka kunivunja shingo?"

"Kompyuta inakuza tu ili tuone. Kwa kweli mkono umesogea kama unywele."

"Kumbe na mashine hutia chumvi! Basi umepata ndugu."

Injinia akacheka mpaka akamwaga chai. "Usijali, mama. Hakuna nyekundu ya kuvunjika. Ni buluu na kijani tu."

Mchana mvua yetu ikaja, kama mtu aliyepindua ziwa zima. Gari la majani likaingia. Nilisimama mlangoni nikisinzia kwa harufu ile ya majani na udongo, nikitazama magunia yakichuruzika, yakichuruzika, hadi nikashtuka. Uzito nilioiambia programu ulikuwa wa kituo cha kununulia majani, na kule karani hutoa kwanza uzito wa maji na wa gunia. Sote tumezoea hivyo, hakuna anayewazia maji kuwa ni mzigo.

"Injinia! Karani ametoa maji!"

Akatazama juu. "Na reli haina karani."

Tukarudia na uzito wa mvua. Kona ikawa nyekundu kama pilipili. Tukanenepesha chuma, tukaiviringisha ile kona kali, mpaka buluu ikarudi.

Siku ya kuufunga mkono mpya mvua ilikuwa inanyesha. Nikawaambia wanawake wasogee. Wakasogea wote ila mmoja.

"Nisogee niende wapi? Si mmesema ni buluu?"

Gunia likapita juu yake, likimdondoshea maji kwenye kitambaa cha kichwani. Mimi nilibana pumzi labda nusu saa nzima. Yeye aliendelea kutandaza majani, wala hakuinua macho.