Yuko Tunisia, Viatu Vyake Viko Hillbrow

Saa nne asubuhi, ghorofa ya saba, Hillbrow, Johannesburg. Mlango unagongwa mara tatu, kisha mara mbili, kisha kwa kiganja. Ndani, Héritière Mwamba, mwenye umri wa miaka 31, hatikisiki. Blanketi mabegani, miguu karibu na hita, macho kwenye kompyuta.

"Héritière! Najua umo."

"Simo, Maman Célestine. Niko Tunisia."

"Tunisia gani, na viatu vyako viko hapa mlangoni?"

Lifti ya jengo hili imekufa tangu Pasaka. Célestine, msusi mwenye saluni hapo chini, amepanda ngazi zote kwa miguu yake. Anapindua kreti ya soda, anakaa juu yake akihema.

Ni Agosti 2018. Héritière huhariri video za harusi za Wakongo wa Johannesburg, na mwezi huu anafanya jaribio lililowachekesha majirani: anaishi kana kwamba amekwisha kuhamia Mahdia, mji mdogo wa wavuvi wa Tunisia kwenye pwani ya Mediterania. Mteja ampate kwa simu tu. Video sita zikikubaliwa bila mtu kukaa begani kwake, atakata tiketi. Zisipokubaliwa, habanduki Hillbrow.

"Nikienda halafu wateja wakanikimbia, nitakula mchanga wa ufukweni?" anauliza.

Mahdia aliiona kazini. Mwaka juzi alihariri harusi ya Mkongo mmoja iliyofungwa huko. Nyuma ya bibi harusi kulikuwa na ukuta mweupe, mashuka kwenye kamba, paka juu ya pipa, na bahari.

"Bibi harusi nilimtazama mara moja. Yule paka nilimrudia mpaka nikajua sikio lake moja limekatika. Nikajiuliza, watu wa hapa wanaamkaje? Wanapika nini?"

Akaanza kuulizia. Chumba chake cha Hillbrow ni randi 3,800 kwa mwezi. Kule, msimu wa wageni ukipita, nyumba ndogo yenye dirisha la baharini haifiki 3,000. Viza anayo. Kifaransa alichosomea Lubumbashi kitamfikisha sokoni. Video moja humpa randi 2,500, na mteja hajali mhariri ameketi wapi.

Au ndivyo alivyodhani.

Harusi ya Kikongo hurekodiwa kwa muda wa saa sita na zaidi, na kila aliyeleta zawadi lazima aonekane. Kwa hiyo kando ya meza yake kuna kiti cha plastiki cha kijani, ambapo mama wa bibi harusi hukaa kutwa akinyoosha kidole: huyo mwache, ndiye aliyetoa jokofu.

Mwezi huu kiti kimekaa kitupu. Video tano zimepita, akina mama wakituma majina kwa ujumbe wa sauti. Ya sita ni ya Murielle, binti wa Célestine.

"Nitumie kwa simu, Maman," Héritière anasema kupitia mlangoni.

"Majina ya zawadi nimekwisha tuma. Hili ni la kukata. Nikilisema kwenye simu, jioni liko Lubumbashi, kesho liko Brussels, keshokutwa sina ukoo."

Hilo Héritière hakulifikiria. Wa kubakizwa hutajwa kwa sauti. Wa kukatwa hunong'onwa sikioni, na aliye Mahdia sikio lake liko mbali.

Anainuka. Mkono unafika kwenye kitasa, unabaki pale pale. Akifungua, safari imekufa.

"Maman, nakutumia video nzima, kwa vipande. Ukimwona mtu huyo, andika dakika, weka picha ya waridi. Basi. Mimi nitaelewa."

"Waridi?"

"Akiliona mwingine, atadhani umefurahi."

Célestine anacheka mpaka kreti inalia. "Eish, mtoto huyu!" Anashuka zake.

Kabla ya adhuhuri simu inaita. Dakika ya 42, waridi. Dakika ya 57, waridi. Dakika ya 70, mawaridi matatu.

Siku mbili baadaye unaingia ujumbe wa sauti: "Sasa harusi ya mwanangu ni safi. Nenda, mama. Ila ukimwona yule paka, nipigie picha."

Tiketi ni ya tarehe 9 Oktoba. Kiti cha kijani kimeshushwa saluni kwa Célestine. Héritière anapanga kukaa mwaka mmoja kwanza, anunue kamera yake, arekodi harusi za wenyeji pia. "Watu wa Mahdia nao wanaoa," anasema.

Na yule wa dakika ya 42 ni nani?

Anainua mabega. "Mimi nilikuwa Tunisia. Ningemjuaje?"