Picha ya Mtu wa Tai Nyekundu

Nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia nyie muanze mtanimaliza. Habari hii Mbagala wanaijua, tena wapo wanaoisimulia vizuri kuliko mie (wanaongeza kwamba nilizimia, huo uongo, nilikaa tu chini), basi acheni na mie niseme yangu, mtu wa darasa la tatu lisilotimia, lakini mwenye nyumba mbili za matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake, na ambaye hajawahi kwenda kwa mtu kuomba chumvi.

Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, kila mtaa ulikuwa na kamati na kila kamati ilikuwa inamngoja mfadhili. Ya kwetu ilikuwa ya kisima. Kisima chenyewe tulishachimba, kilichobaki ni pampu tu, na bila hiyo pampu wanawake wetu walikuwa wanaendelea kununua maji ya mkokoteni, maji ya chumvi, chai ukiipika inakuwa kama mchuzi. Mwenyekiti mie. Katibu alikuwa Mwalimu Mligo, mtu wa Njombe, mpole, Kiingereza anakiota usiku, na hapo ndipo palipokuwa na donda langu, kwa sababu barua za wafadhili zikija anasoma yeye, watu wanamtazama yeye, na mie mwenyekiti mzima nimekaa pembeni natikisa kichwa kama ninayeelewa.

Sasa siku moja kijana wa ofisi ya wafadhili pale mjini, Deo, akapiga simu dukani kwangu. Akasema, "Mzee Kondo, shikamoo. Wageni wanakuja Jumamosi na pampu. Tumewatumia imeli yenye maelezo muhimu na picha, mwambie katibu aifungue aisome."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo. Nilijisemea safari hii habari italetwa na mwenyekiti, nikatwaa kile kikaratasi chenye neno la siri la kamati, nikavaa shati la Idi, nikaenda Kariakoo kwenye duka la intaneti (wakati huo kuingia humo ilikuwa kama kuingia benki, unafuta miguu mlangoni).

Mhudumu alikuwa binti amesuka nywele, mwenye adabu. Akaifungua ile imeli, ikatokea karatasi ndefu ndani ya kioo, maneno mengi na picha tatu. Ya kwanza watoto wanachota maji. Ya pili mwanamke wa Kizungu, mwembamba, kavaa fulana yenye tope na kashika sepeto. Ya tatu, kubwa kuliko zote, mwanaume wa suti, tai nyekundu, sharubu zimechongwa, kitambi cha heshima, anatabasamu kama mtu aliyeshiba tangu azaliwe. Nikajua huyu ndiye. Mfadhili asiwe huyu awe nani?

"Hii nataka kuondoka nayo," nikamwambia binti, nikatoa disketi yangu mpya, nimeifunga kwenye leso.

"Sawa baba. Lakini chini yake pameandikwa maneno, tena kwa herufi nzito. Nikusomee?"

"Unisomee, kwani mie sina macho?"

"Samahani baba. Ila ukihifadhi picha inakuja picha peke yake. Maneno yatabaki huku."

"Yabaki. Maneno ndiyo yanayoichelewesha nchi hii."

Basi akanionyesha, nikataka nifanye mwenyewe, nikakishika kile kipanya kama ninavyoshika mwiko wa zege, kikakimbilia ukutani, kikarudi, mara tumefuta ukurasa, mara tumefungua matangazo ya viatu, mpaka mwisho akaniwekea mkono juu ya mkono tukabonyeza kwa kitufe cha kulia, tukachagua kuhifadhi, ile mashine ikakoroma na picha ikaingia kwenye disketi. Nikatoka nimeishika juu juu kwa ncha za vidole. Nikaipeleka moja kwa moja studio ya Mtoni wakanisafishie picha. Fundi akaigeuza huku na huku, akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza mkanda wake uko wapi. Ilibidi nirudi mjini waitoe kwenye karatasi, na hapo bado mtu mwenye akili angeona kwamba siku hii si yake.

Karatasi nikampa Chande, mchora mabango, achore picha hiyo kwenye ubao mkubwa, kwa rangi ya mafuta, na juu aandike KARIBU MFADHILI WETU. Chande ana mkono jamani. Ile tai ukiitazama unataka kuinyoosha. Akiwa anachora akaniuliza, "Mzee, huyu unamjua?" Ningesema simjui ningekufa? Nikasema, "Huyu? Nimekula naye pilau." Jioni pilau lilishafika kwa Bi Hadija, mjumbe wetu, muuza vitumbua mwenye ulimi wa moto kuliko mafuta yake, akaja mpaka mlangoni kwangu. "Mwenyekiti, pilau la lini hilo, mbona sie hatukusikia hata harufu?" Nikamwambia mambo mengine ni ya viongozi. Naye Mwalimu Mligo akaniuliza kwa upole kama ile imeli ilikuwa na maagizo yoyote. Nikamwambia salamu tu.

Jumamosi ikafika. Ubao umesimama pembeni ya kisima, ngoma ipo, akina mama wamekuja na ndoo mpya. Gari likaingia, vijana wakaanza kushusha pampu, na akashuka yule mwanamke mwembamba wa fulana, Deo yuko nyuma yake. Mie nikampita, nikaenda kuchungulia ndani ya gari kumtafuta mtu wangu wa tai. Hayupo. Nikigeuka, yule mama amesimama mbele ya ubao, uso umemwiva. Akamnong'oneza Deo.

Deo akaja. "Mzee, huyu mnamjua?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza, na Bi Hadija kasogea mbele kabisa. "Namjua sana," nikasema. "Rafiki yangu."

"Amewahi kufika hapa?"

"Kwangu ni kama kwake."

"Na mlimpa chochote?"

Hee, nikaona anatupima ukarimu. "Tulimpa, tena vya kutosha. Sie mgeni hatumwachi aondoke mikono mitupu."

Deo akatafsiri. Yule mama akatikisa kichwa, akasema neno moja kwa vijana wa gari, nao wakainyanyua ile pampu wakaanza kuirudisha ndani. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu anaweka ndoo chini taratibu.

Mwalimu Mligo akamsogelea Deo, akaomba kuona karatasi ya imeli, wao walikuwa nayo. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena, halafu akawasomea watu kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti: "Jihadharini na mtu huyu wa pichani. Anazunguka mitaani akikusanya michango kwa jina letu. Akifika kwenu msimpe kitu, na tujulisheni haraka."

"Kumbe pilau lilikuwa la tapeli," akasema Bi Hadija.

Watu walicheka kidogo sana, kwa sababu pampu ilikuwa imeshafika mlangoni mwa gari. Hapo nikawa na njia mbili, nibaki na rafiki yangu wa ubaoni au maji yapatikane. Nakwambieni ukweli, nilifikiri. Nilisimama pale nikafikiri, ndoo zote zile zinanitazama, na ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ubao wenyewe.

Nikakaa chini, kwenye ukingo wa kisima. Nikasema, "Deo, mwambie sijawahi kumwona. Hakuja, wala hatukumpa hata kikombe cha maji. Kiingereza sijui. Nilimchagua kwa sababu ya tai."

Deo akatafsiri. Yule mama akauliza kitu.

"Anauliza, picha yake yeye hukuiona? Yeye ndiye mkuu wao."

"Niliiona. Nilidhani ni kibarua."

Deo akasita. Bi Hadija akamwambia, "Tafsiri mwanangu. Tafsiri kama alivyosema, usimpambe."

Akatafsiri. Yule mama akaitazama fulana yake, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Pampu ikashushwa, lakini kwa sharti, kamati ichague mwenyekiti mwingine palepale. Wakamtaja Bi Hadija. Mikono ikapanda, na wangu ukapanda, mzito kama mfuko wa saruji.

Maji yalitoka kabla ya adhuhuri, matamu. Na tangu siku hiyo nikipata barua yoyote, hata iwe tangazo la magodoro, namwita Mwalimu Mligo, namwekea kiti, anasoma kuanzia juu mpaka sahihi, mie nimenyamaza. Akimaliza namwambia, "Mwalimu, rudia pale chini ya picha."