Akiteng, Mwachishaji wa Kwapa

Kule Kwapa, kijiji cha karibu na Tororo, mwaka 1964, mama akishika mimba huku ananyonyesha, mtoto alipelekwa kwa Akiteng akaachishwe ziwa. Akiteng alikuwa na uji wa wimbi, kijiko cha mti, na sheria moja: mama asivuke ua mpaka mtoto amsahau. Watu walimwamini, maana yeye mwenyewe alijiamini kupita kiasi.

Safari hii aliletewa mjukuu wake, Ikwap, na siku ya nne iliingia mtoto hajameza kitu. Alilia hata sauti ikamkauka. Sasa alitazama ukuta tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama yake, Nasirumbi, Msamia wa Busia, alishinda nje ya ua. Yeye na mama mkwe wake hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha sokoni.

"Mama, mtoto nakula?"

"Bado. Wewe rudi nyumbani. Yeye nasikia harufu yako, ndiyo maana nakataa."

Mchana alifika Osborn, baba wa mtoto, mwalimu huko Tororo, kamusi nene ya shule kwapani. Akiteng akamfokea: mtoto anakufa njaa, yeye analeta kitabu!

"Mama, Waingereza wana neno la kazi yako hii, wean. Humu wameandika lilikotoka. Zamani za mababu zao maana yake ilikuwa kuzoesha tu. Kuachisha kulikuja baadaye."

"Kwa hiyo nimekosea miaka ishirini?"

Osborn akaifunga kamusi, akamtazama mtoto. Hasira zikampanda Akiteng, akataka kumfukuza. Kisha akauinua mkono wa Ikwap, ukaanguka kama kitambaa kilicholoa. Hapo hofu ikamshika.

Akatoka mwenyewe kufungua ua. "Nasirumbi, ingia. Mpe ziwa."

"Na mimba, Mama? Watu nasema maziwa nakuwa sumu."

"Wacha naseme. Ingia!"

Ikwap alishindwa kunyonya. Nasirumbi akamkamulia matone mdomoni, akasubiri, akakamua tena, hata mtoto akashika. Jioni, akiwa kifuani pa mama yake, alimeza uji vijiko viwili.

Osborn alimshukuru Mungu kwa sauti. Akiteng aliweka kijiko chini, akatoka. Alishika njia ya kwa Among, jirani ambaye mwanawe aliletwa kuachishwa, akakataa uji vivyo hivyo mwaka uliopita, akazikwa, na Akiteng akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Alimkuta akipepeta wimbi. Akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akashindwa pa kuanzia kuomba msamaha.