Hodi kwenye Milango ya Mwandishi

Ijumaa daktari aliniambia wangeamua Jumatatu. Mdogo wangu alikuwa amelala wodi ya wagonjwa wa akili, Lewisham, miezi minne bila kusema neno. Akionyesha dalili ya kurudi katika hali yake, hata neno moja, ningeruhusiwa kumchukua akae nami chumbani kwangu. La sivyo, wangempeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa muda mrefu, mbali, nje kabisa ya London. Nikaomba nitoke naye Jumamosi hiyo. Nilijua pa kumpeleka.

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule darasa la saba, nikawa nasuka nywele sebuleni, nyumbani Kenya, ili yeye asome. Sekondari yeye na wenzake walipewa riwaya nene ya Kiingereza ya mwandishi mashuhuri wa London, aliyekufa zamani. Jioni alinisomea akitafsiri papo hapo. Kila mara mtu kitabuni alipofika mlangoni, mdogo wangu alinyamaza mpaka mimi niseme, "Hodi!" Ndipo alipojibu "Karibu" kwa sauti ya mwenye nyumba: mzee mwenye pumu, mama mchoyo, hakimu. Wateja nao wakanogewa.

"We mwalimu, umeruka!" mmoja alimkemea siku moja, kichwa chake kimebanwa magotini pangu. "Jana tulimwacha kwenye mvua, leo yuko mezani anakula?"

"Alipitia dirishani, mama."

"Bila hodi? Basi huyo mwizi. Rudi nyuma, tusome vizuri."

Kitabu hicho ndicho kilichomleta London kusoma. Mimi nilikuwa nimetangulia, naogesha wazee majumbani mwao. Mwaka wa tatu aliacha kwenda darasani, kisha akaacha kula, kisha akanyamaza. Katika vitu vyake nilikuta daftari alimoorodhesha mahali mwandishi yule alipopita: alipozaliwa, alipofanya kazi utotoni, alipooa. Juu yake ameandika, "Nyumba za kumpeleka Dada nikihitimu."

Basi Jumamosi nikampeleka yeye. Tulipanda treni hadi London Bridge, nimemshika mkono kama siku ile nilipompeleka darasa la kwanza. Nyumba ya kwanza haikuwepo tena, palikuwa na maegesho ya magari. Nikasema hodi hivyo hivyo, mbele ya uzio wa waya. Akatazama viatu vyake. Ya pili ilikuwa benki iliyofungwa. Hodi. Hakujibu. Kwenye mlango wa kanisa alipooa mwandishi nilisema mara tatu, mpaka mzee aliyekuwa akifagia ngazi akaacha kufagia.

Ya nne ilikuwa nyumba kweli, yenye mlango mweusi na kibao cha duara cha buluu ukutani kinachosema mwandishi aliishi hapa. Nikadhani kibao ni ruhusa. Nikagonga. "Hodi!"

Alifungua mwanamke aliyevaa aproni, mikono ina unga.

"Tumekuja kumwona mwandishi," nilimwambia kwa Kiingereza changu.

"Mpenzi, amekufa tangu enzi za mabibi zetu."

"Najua. Tunataka kuona alipokaa tu."

"Hapa si makumbusho, ni kwangu." Akamtazama mdogo wangu, udenda unamshuka kidevuni. Sauti ya mwanamke ikalegea. "Anaumwa?"

"Ananisomea kitabu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akafunga mlango taratibu. Tukakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, nikamlisha chapati niliyoifunga kwenye karatasi. Alitafuna. Zilikuwa zimebaki nyumba saba daftarini. Tulizimaliza zote, na baridi ilikuwa inauma.

Wodini tulipokewa na muuguzi Mkenya mwenzetu, kalamu mkononi.

"Dada yangu, amesema?"

Nikamketisha mdogo wangu kitandani.

"Hata neno moja tu? Ukiniambia amesema, mimi naandika amesema. Nani atauliza?"

Nilimtazama mdogo wangu, amekaa kitandani na koti lake, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nikaona nitakavyomfungia chumbani asubuhi nikienda kuogesha wazee wa watu, na nitakavyomkuta jioni palepale nilipomwacha, amejikojolea. Au nisimkute kabisa.

"Hajasema," nikamwambia.

Akafunika kalamu yake.

Jumanne walimhamisha. Kufika huko ni treni mbili na basi moja, nami naenda kila Jumamosi ninayopata. Getini pana kengele yenye spika, na sauti inaniuliza mimi ni nani. Nasema, dada yake. Mlango wa chumba chake hauna kufuli, tena huwa uko wazi, na namwona kabisa kwenye kiti chake. Lakini nasimama nje. Nasema hodi, nangoja, kama alivyokuwa akiningoja mimi, kitabu mkononi mwake. Nangoja mpaka wahudumu wanaopita wanaanza kunitazama.

Kisha naingia bila kukaribishwa.