Vie Tatu Ndani ya Daftari ya Gustave

Siku nilidhani nimejua kusoma vizuri njo siku nilikaribia kumukimbia bwana yangu.

2008 ile. Vita imebana njia ya Walikale, na sisi tuko kijijini Kashebere.

Bwana yangu Gustave alianzia Goma, akitengeneza mashine za jeu video, yale masanduku makubwa ya michezo unacheza umesimama. Vita ikatutoa. Huku akapata televisheni ya zamani, ordinateur, yaani kompyuta, mbovu na batri ya gari.

Siku moja akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Olga, nimechoka kufufua jeu za wengine. Sasa nabuni yangu."

Sawa. Lakini mbona anaficha daftari?

Mchana kutwa anachora vijumba vidogo vya mraba, anavitia wino mweusi kimoja kimoja. Nikisogea, anafunga. Na kila mchuuzi akitoka mgodi wa Bisie, Gustave huyo: "Kaka, barrière za askari njiani ziko ngapi? Wanasumbulia watu wapi?"

Wakati wa vita, nani anauliza hivyo?

Jirani yangu Blandine akaninong'oneza: "Dada, bwana yako njo macho ya watu wa msitu, wale waasi. Wewe ukae tu!"

Mimi nilikuwa kwenye masomo ya jioni ya parokia, bado nasoma kwa kidole. Gustave alipotoka kutafuta waya, nikafungua ile daftari.

Kidole kikatembea.

"Kibabi: ennemi saba." Ennemi, yaani adui.

"Kashebere: ennemi kumi na mbili."

"Bisie: mukubwa wao."

Chini, kwa wino mwekundu: "Vie tatu. Zikiisha, mwisho."

Vie njo uhai. Nikahesabu watu wa nyumba yetu. Gustave. Mimi. Olga.

Tatu.

Ametuuza!

Nikafunga mtoto mgongoni, nikabeba maharagi kidogo na ile daftari. Mlangoni, uso kwa uso na yeye.

"Unaenda wapi na daftari yangu?"

"Sema wewe! Hizi vie tatu iko za nani?"

Akakodoa macho. Halafu akacheka mpaka akashika mlango.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka niliogopa."

"Geuza."

Nikageuza. Vile vijumba vyeusi vimeungana, vimekuwa picha ya mama, mtoto mgongoni, hana bunduki, anapenya kati ya barrière. Juu yake: EPIPHANIE.

Jina langu.

"Nilitaka kukushangaza siku ya anniversaire ya kuzaliwa kwa Olga. Huyu mama wa jeu akishikwa, anaanza tena. Mara tatu. Njo vie tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikamuuliza: "Na kama askari njo wangesoma, kwa kidole kama mimi?"

Kicheko kikakatika. Akachana ile karatasi ya majina ya vijiji, akaitia kwenye makaa ya sufuria yangu.

Siku nne tu zikapita. Askari wawili wakaingia kupekua nyumba. Blandine, kumbe, hakuninong'oneza mimi peke yangu.

Walikuta daftari ya picha ya mama na jeu inawaka. Mmoja, mukubwa wao, akaketi kucheza. Akashikwa kwenye barrière ya kwanza mara tatu.

"Ongeza vie!"

"Chef, hakuna ya inne," Gustave akajibu, jasho linamutoka.

Chef akacheka, wakaenda.

Wapendwa, kusoma nusu kunatisha kuliko kutojua kusoma. Geuza karatasi kwanza, ndipo ufunge mtoto mgongoni. Epiphanie wa ndani ya televisheni alikuwa na vie tatu. Mimi niko na moja tu, na karibu niikimbize porini.